Nusu Kidonge: Kisa cha Mama wa Mombasa Aliyefiwa na Paka Wake

Kuhusu kisa hiki

Nakiandika kisa hiki kwa ridhaa ya mwenyewe. Nimebadilisha umri, mtaa, hali za watu wa nyumbani na mambo mengine ambayo jirani angeweza kuyatambua. Jina la paka pia si lake. Mama mwenyewe nitamwita Bi S. Walengwa ni washauri nasaha wenzangu, wauguzi wa kliniki, na yeyote ambaye kazi yake humkutanisha na watu waliofiwa. Huzuni ya aina hii mara nyingi haiji kwetu kwa jina lake. Bi S. aliletwa kwangu kwa sababu ya presha.

Usuli

Bi S. ni mjane wa makamo, mkaazi wa kisiwani Mombasa, katika mtaa wa zamani ambao nyumba zake zimegusana kuta na paka huenda kutoka dari moja hadi nyingine bila kukanyaga chini. Ana watoto watatu. Mabinti wawili wameolewa. Mmoja yuko mbali, mwengine anakaa ng'ambo, upande wa bara. Kitindamimba wake, wa kiume, alikwenda Ghuba kutafuta kazi kama vijana wengi wa pwani. Wiki chache kabla ya kusafiri alimwokota Lulu karibu na soko la samaki, kitoto cha paka ambacho macho yalikuwa bado yana utando, akamwachia mamake. "Nitunzie huyu mpaka nirudi," alimwambia.

Huku kwetu paka hana neno. Anaingia ukumbini, analala mkekani, na akipita mbele ya anayeswali hakuna wa kumfukuza. Hadithi ya sahaba Abu Qatada tunasomeshwa tangu chuoni, yaani madrasa: Mtume (S.A.W.) alisema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzungukazunguka majumbani. Kumpenda paka, basi, hakumshangazi mtu. Kumlilia ni habari nyingine.

Kila usiku baada ya isha kijana alipiga simu ya video, na swali lake la kwanza lilikuwa moja: "Lulu yuko wapi?" Bi S. aliigeuza simu kumwelekea paka, akamwita, paka akasikia sauti ya kijana akainua masikio. Mazungumzo ya mama na mwana yalianzia hapo, kisha ndiyo yakaja ya pesa, ya afya, ya ndoa ambayo kijana haitaki bado. Mume amekufa, nyumba imebaki na vyumba vinne na mtu mmoja. Bi S. alinunua samaki mmoja, changu, kwa ajili yake na paka, akamtoa miba kwa vidole, sehemu ya Lulu kwanza kwa sababu Lulu hana subira. Miaka minne walikaa hivyo.

Yaliyotokea

Ilikuwa katikati ya kaskazi, siku za joto lile linalowafanya watu walale na madirisha wazi. Jumamosi jioni Lulu alirudi akichechemea. Mguu wa nyuma ulikuwa umevimba, akiguswa analia, na samaki hakumtazama. Bi S. alidhani ameanguka kutoka kwenye ukuta wa jirani. Alimkanda kwa maji ya vuguvugu. Baada ya magharibi alichukua kidonge cha paracetamol cha miligramu 500, kile anachomeza yeye magoti yakimuuma, akakivunja, akasaga nusu kwa mgongo wa kijiko, akakoroga kwa maziwa kidogo. Alimfunga Lulu ndani ya kanga asimparure, akamnywesha.

"Wanangu wakiwa na homa si ndiyo niliyokuwa nikiwapa?" aliniambia baadaye.

Lulu akalala, naye akalala. Saa tisa usiku aliamka akamkuta anahema haraka, mate yanamtoka. Akafahamu kwamba maumivu yamezidi. Akasaga nusu iliyobaki.

Kufika alfajiri uso wa paka ulikuwa umevimba, na alipomfunua mdomo akaona ufizi umegeuka rangi ya kahawia. Alimpigia binti yake. Mahali pa kutibia wanyama alipopajua palikuwa pamefungwa, siku yenyewe Jumapili. Dereva wa tuktuk akasema anamjua daktari wa mifugo mwengine upande wa pili wa daraja la Nyali. Walifika, daktari akafungua, Lulu akafa mezani kabla ya kutiwa sindano yoyote. Daktari aliuliza kama amepewa kitu, na Bi S. akamweleza kila kitu bila kuficha. Jibu alilopewa lilikuwa la kweli na lilisemwa kwa upole, lakini ndilo alilokwenda nalo nyumbani: "Hiyo ni sumu kwa paka, mama. Angeletwa usiku tungejaribu."

Maelezo ya kitaalamu yanahitajika hapa, kwa sababu kisa kizima kimesimama juu yake. Ini la binadamu huichakata paracetamol na kuitoa mwilini. Ini la paka lina upungufu mkubwa wa kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, kwa hiyo dawa hugeuka kuwa kemikali inayoharibu seli nyekundu za damu. Damu hushindwa kubeba oksijeni na hugeuka rangi ya hudhurungi. Ndiyo maana ufizi hubadilika, paka huhema, uso na miguu huvimba. Nusu kidonge cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mzima. Ipo dawa ya kupambana na sumu hiyo, acetylcysteine, lakini inasaidia ikitolewa mapema. Hakuna hata moja kati ya haya linaloweza kukisiwa na mtu asiyeambiwa.

Walimzika nyuma ya nyumba ya binti, chini ya mwarobaini. Mkwe ndiye aliyechimba.

Wiki zilizofuata

Jirani walitoa pole mara moja, wakamaliza. Waliobaki walimwambia maneno yaliyokusudiwa kumtuliza: ni paka tu, ushukuru si mjukuu, ajali haina kinga, tutakutafutia mwengine. Mmoja akamwambia majuto ni mjukuu, na sidhani alijua amesema nini. Haikupita siku kumi mpwa wake akamletea kitoto cha paka ndani ya boksi la viatu. Bi S. alimwekea maziwa jikoni, akafunga mlango, akakaa ukumbini akisikiliza analia. Asubuhi akamgawa.

Kwa kijana hakusema. Usiku wa kwanza alimwambia Lulu yuko darini. Usiku wa pili alisema amelala. Kisha akaanza kupokea simu bila video, akisingizia bando imekwisha. Kijana alimtumia bando. Akasema simu imeharibika kamera.

Jambo la tatu hakuna aliyeliona. Bi S. anatumia vidonge vya presha kila usiku kwa miaka. Tangu siku ile, kila alipoibinya karatasi ya vidonge na kusikia ule mlio wa kupasuka, mkono ulitetemeka na moyo ukamwenda mbio. Akaacha. Kliniki ilipompima presha ilikuwa juu kiasi cha kumtia muuguzi wasiwasi, na kwenye kadi yake ikaandikwa kwamba hafuati dawa. Muuguzi huyo, ambaye namshukuru, hakuridhika na maneno yale. Aliona mgonjwa ambaye kwa miaka hajawahi kukosa dozi, akamleta kwangu.

Maamuzi, na sababu zake

Nilimuuliza maswali ya kawaida: usingizi, hamu ya kula, msiba wa karibuni. Msiba akakataa. Nilipouliza nyumbani anaishi na nani, alijibu "peke yangu," akanyamaza, akaongeza, "nilikuwa na paka." Hapo ndipo alipolia. Akainuka kutaka kuondoka kwa aibu.

Nilimuuliza wazi kama amewahi kufikiria kujidhuru. Alisema siku za mwanzo alitamani alale asiamke, lakini hakuwa na mpango wala nia, na sasa hatamani tena. Tukakubaliana kwamba binti atakuja kulala naye kwa muda, na mimi niliendelea kumuuliza suala hilo kila tulipoonana. Mtu anayeona haya kulia mbele ya watu huona haya zaidi kutaja hilo, ndiyo maana lazima tulitaje sisi.

Dawa za presha hazikuweza kusubiri majonzi yaishe. Kwa ushauri wa kliniki wakati wa kumeza ukahamishwa kutoka usiku hadi baada ya chai ya asubuhi, mbali na saa ile iliyomtesa. Binti alivitoa vidonge kwenye karatasi kabla mamake hajaamka, akaviweka ndani ya kikombe kidogo cha kahawa. Hapakuwa na mlio wala kitu cha kuvunjwa.

Uamuzi mgumu zaidi ulihusu hatia yenyewe. Sikumwambia "si kosa lako." Maneno hayo alikuwa ameshayasikia kwa kila mtu na hayakumwingia, kwa sababu alijua alichokifanya na daktari alikuwa amemthibitishia. Mtu anayesema "nimemuua kwa mkono wangu" akijibiwa "hapana, usiseme hivyo," anaelewa kwamba habari yake haitakiwi. Badala yake nilimwomba anisimulie usiku ule wote, saa kwa saa, na kwenye kila saa nikamuuliza mambo mawili: wakati huo ulijua nini, na ulitaka nini. Ilichukua vikao kadhaa. Mara nyingi aliruka hadi alfajiri, hadi ule ufizi, na mara nyingi tulirudi nyuma pamoja hadi kwenye kijiko na kanga.

Katikati ya masimulizi hayo ndipo lilipotoka lililokuwa likimkosesha usingizi. Tangu utotoni anaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. "Yule alitiwa motoni kwa paka mmoja," alisema. "Na mimi je?"

Mimi si mwanachuoni, na swali la dini halijibiwi na mshauri nasaha kwa kubahatisha. Nilimuuliza ni nani ambaye akimjibu atamwamini. Akamtaja mwalimu wake wa chuoni, mzee sasa, akaniruhusu nimweleze kisa kabla hawajaonana. Kikao kikafanyika kwa maalim, binti akiwepo.

Suala la kijana tuliliacha mwisho. Bi S. aliamini kwamba kumwambia ni kumvunja moyo ugenini. Mimi niliona kila uongo mpya unamwongezea hatia nyingine, tena hii ni ya kweli, ya kila usiku, na imemkatia mazungumzo aliyokuwa akiyaishi. Lakini kuamua nilimwachia yeye. Nilichofanya ni kumuuliza kama mwanawe angekuwa ndiye aliyefanya kosa hilo akamficha, yeye angetaka nini.

Matokeo

Presha ilianza kushuka kabla ya huzuni. Asubuhi moja Bi S. alimwambia binti aache kumtolea vidonge, akavibinya mwenyewe. Usingizi ulirudi polepole, kwanza siku zile binti alizolala naye, kisha hata alipokuwa peke yake.

Maalim hakumhutubia. Alimwomba aisome ile hadithi kwa ukamilifu wake, naye akaisoma: mwanamke alimfungia paka mpaka akafa, hakumlisha wala kumnywesha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. "Wewe ulimfungia?" akamuuliza. "Ulimnyima?" Akamsomea dua ya mwisho wa Suratul Baqara, *Mola wetu, usitushike tukisahau au tukikosea*. Kisha akamkumbusha habari ya Abu Umair, yule mtoto mdogo, ndugu yake Anas, aliyekuwa na ndege wa kuchezea. Ndege alikufa, Mtume akamwona mtoto ana huzuni, akamwambia: "Ewe Abu Umair, Nughair amefanya nini?" Maalim akanyamaza kidogo, akamgeukia Bi S.: "Haya mwanangu, nihadithie. Huyo Lulu alikuwa paka wa namna gani?"

Alimhadithia mpaka adhana ya alasiri. Mambo mengine hata mimi sikuwa nimeyasikia: kwamba Lulu alikuwa akimsindikiza hadi mlangoni akienda sokoni, kwamba alichukia mvua za masika, kwamba mwezi wa Ramadhani aliamka daku pamoja naye.

Kijana aliambiwa Ijumaa, kwa video. Bi S. alimweleza yote, pamoja na nusu ya pili. Kijana alinyamaza, akasema ana kazi, akakata. Siku mbili hakupiga. Siku hizo mbili zilikuwa ngumu kuliko wiki zilizotangulia, na binti alikuwa na hasira na mimi, akiniambia nimemharibia mamake. Siku ya tatu simu ililia. "Mama, mbona hukunambia? Ulikuwa ukilia peke yako?" Akauliza kama Lulu alipata maumivu. Bi S. akamjibu ndiyo, usiku ule aliumia. Wakalia wote wawili. Tangu hapo simu za baada ya isha zimerudi, ingawa Bi S. anasema mwanzo wake sasa ni mgumu. Hawajui waanzie wapi.

Jambo jengine alilianzisha mwenyewe bila mimi kumshauri. Huwaambia wanawake wa mtaani, na vijana wa duka la dawa la karibu, kwamba paka hapewi paracetamol hata chembe, na akianza kuhema apelekwe saa hiyohiyo, usiku au mchana. Hulisema bila kujificha: "Wangu alikufa kwa hiyo."

Uchambuzi

Kilichomtesa Bi S. zaidi ya kifo chenyewe ni kwamba kifo hicho hakikuwa na mahali pake. Mtu akifa Mombasa kila kitu kinajulikana: nani aoshe, nani apike, matanga siku ngapi, hitima lini, mjane akae eda vipi. Mfiwa haulizwi anajisikiaje. Anakaliwa, analishwa, na jina la marehemu linatajwa asubuhi na jioni. Paka akifa hakuna hata moja. Mwaka 1989 Kenneth Doka, mtaalamu wa Marekani, aliieleza huzuni ya namna hii, ile ambayo jamii haimpi mfiwa haki ya kuionyesha, na mnyama wa nyumbani ni miongoni mwa mifano inayotajwa sana. Kwa Bi S. iliongezeka: huyu hakuwa paka peke yake, alikuwa amana ya mwana aliye mbali. Wanaosema "ni paka tu" hawakujua walikuwa wanazungumzia nini.

Ndiyo maana naliona swali la maalim kuwa tiba kubwa kuliko hukumu aliyoitoa. Hukumu ilimwondolea hofu ya moto, na hilo si dogo. Lakini swali lilimrudisha Lulu kuwa paka aliyeishi miaka minne, badala ya paka aliyekufa usiku mmoja. Wote waliomliwaza walikuwa wakiharakisha kumwondoa Lulu katika mazungumzo. Mpwa aliyeleta kitoto kwenye boksi alifanya vilevile kwa nia njema kabisa, na matokeo yake yalikuwa mabaya: Bi S. alilazimika kukataa kumgusa kiumbe asiye na kosa, akajiona katili mara ya pili.

Masimulizi ya saa kwa saa yalifanya kazi kwa sababu ya tabia moja ya akili ya binadamu. Mwaka 1972, kabla ya Rais Nixon kwenda Beijing na Moscow, watafiti Baruch Fischhoff na Ruth Beyth waliwauliza wanafunzi nchini Israeli wakisie uwezekano wa matukio mbalimbali ya safari hizo. Baada ya safari waliwaomba wakumbuke walikisia nini. Wengi walikumbuka vibaya: yale waliyodhani yametokea, waliamini waliyatarajia zaidi kuliko walivyoyatarajia kweli. Bi S. alikuwa hivyo. Kufikia anakuja kwangu alishajiaminisha kwamba alipoivunja dawa "moyo ulikataa." Tulipoirudia jioni ile kwa utulivu, moyo haukukataa chochote, alikuwa anawaza mguu. Ule wasiwasi ulizaliwa mezani kwa daktari, ukarudi nyuma ukajipachika jikoni.

Kwa njia hiyo hatia yake iligawanyika. Nusu ya kwanza ya kidonge ilikuwa kutojua, na alikubali. Kuchelewa mpaka alfajiri kulikuwa na sababu nyingi, na usiku ule asingepata wa kumfungulia kwa urahisi. Hilo pia alikubali, kwa shida kidogo. Nusu ya pili hajaikubali mpaka leo. Anasema aliona mnyama amebadilika na hakujiuliza. Nimemsikiliza na sikubishana naye. Anajua ni kitendo cha mtu aliyeamka saa tisa usiku akamwona ampendaye anateseka, lakini anaona pale palikuwa na nafasi ya kusita, naye hakusita. Mshauri anayetaka mteja atoke kikaoni hana lawama hata kidogo ataishia kumshurutisha aseme asichokiamini. Sehemu hii iliyobaki haimzuii kulala wala kula, na ndiyo inayomtoa nje kwenda kuwaambia wenzake habari ya paracetamol.

Kilichokwenda vibaya hasa ni yale majuma ya mwanzo kabla hajafika kwangu, na kadi ya kliniki ndiyo mfano ulio wazi. "Hafuati dawa" ni kweli, lakini kwa neno hilo mgonjwa angeweza kuongezewa dozi, au kuhutubiwa juu ya hatari ya kiharusi, na mkono wake ungeendelea kutetemeka. Swali la nani anaishi nyumbani linapaswa kuulizwa pamoja na wanyama, waziwazi: una paka, una kuku, una mbuzi unayemlea? Nimeona wazee wengi wa kisiwani ambao kiumbe cha mwisho kuwagusa kwa siku ni paka.

Kuhusu kumwambia kijana, bado naamini ulikuwa uamuzi sahihi, na sina ubishi na binti aliyekasirika. Siku mbili za kimya zingeweza kuwa wiki mbili. Kabla ya hatua kama hiyo inafaa kuwepo mtu wa kulala na mfiwa, kuwepo makubaliano ya simu ya dharura, na mfiwa aelezwe kwamba huenda atakayeambiwa akahitaji muda wa kukasirika. Kwa Bi S. hayo yote yalikuwepo, na bado ilikuwa kazi.

Mara ya mwisho tulipozungumza, mpwa alikuwa ameuliza tena kama sasa amletee paka. Bi S. alimjibu asubiri mwanawe arudi, wataamua wawili. Familia inaliona jibu hilo kama dalili kwamba hajapona. Mimi silioni hivyo, na nimewaambia.